Sare ya Masikio

Tangu Ritha ajue kutembea, mama yake hakuwahi kula pilau ya sherehe ikiwa ya moto. Siyo kwamba Rebeka hakualikwa. Mjini Shinyanga watu wanaalikana mpaka misiba ya majirani wa majirani. Alialikwa, akashona sare, akafika, akakaa. Kisha MC akashika maiki, spika zikanguruma, Ritha akaziba masikio kwa viganja na kutoa ukelele uliotoka kwenye kisigino, na mama mtu akainuka na mwanawe wakarudi nyumbani. Pilau ilimfuata kesho yake, kati ya sahani mbili, mafuta yameganda, na nyama zote nzuri zimeshapotelea njiani. Rebeka alikuwa anajua ladha ya pilau baridi kuliko mwanamke yeyote katika mkoa ule.

Ritha sasa alikuwa dada mzima wa miaka ishirini na mbili, mrefu, mweusi mzuri, mwenye usonji. Hilo neno Rebeka alilipata amechelewa. Kabla yake watu walishampa maneno mengine bure: amerogwa, ameguswa, ana jeuri, mama yake alikula mayai akiwa mjamzito. Mwalimu Agnetha, wa darasa la elimu maalumu alikosoma Ritha, ndiye aliyemkalisha Rebeka chini akamwambia mtoto hajarogwa, ni ubongo wake unavyopokea mambo, na kelele ambayo wewe unaisikia kama ngoma yeye anaisikia kama msumari. Rebeka alilia siku hiyo, halafu akaenda kununua mchele, maana nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kwenda.

Basi mdogo wake Ritha, Dorah, akachumbiwa. Mchumba alikuwa Stanslaus, kijana wa Bugarama, fundi wa karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu kwa kelele za kuamsha wafu. Siku kamati ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ilipokutana sebuleni kwa Rebeka, bibi harusi alisimama mlangoni akasema neno moja tu.

"Bila Ritha, mimi siingii ukumbini. Na mama atakaa mpaka mwisho. Nataka nimwone kwa macho yangu anakula pilau ya moto."

Mwenyekiti wa kamati akashusha kikombe cha chai. Huyu alikuwa Generosa, dada wa marehemu mume wa Rebeka, shangazi wa hao mabinti, mwanamke mwenye sauti ya kurudisha ng'ombe waliokwisha kuvuka mto. Tangu kaka yake azikwe, yeye ndiye aliyeamua kila jambo katika nyumba ile, kuanzia rangi ya mapazia mpaka siku ya kuchinja kuku. Alikuwa anampenda Ritha kwa namna yake. Kila akija alisema "pole wifi, pole sana na huu mzigo," akanywa chai, akaondoka. Kumshika Ritha mkono hata kumfikisha dukani hakuwahi.

"Dorah mwanangu," alisema Generosa, "wakwe wanakuja. Wazee wa Msalala hao, wafugaji, watu wa kuangalia ukoo mpaka kwenye kwato. Wakimwona dada yako anapiga kelele pale mbele wataulizana kama ni ya ukoo. Watabeba binti mwenye swali? Apelekwe Maganzo kwa bibi yake siku mbili tatu, sherehe ipite, arudi. Nani ameumia?"

"Mimi," alisema Dorah. "Basi na mimi nakwenda Maganzo. Sendofu mfanye ninyi, keki mkilishane wenyewe."

"Ala! Husikii haya?" Generosa alimgeukia Rebeka. "Wifi, sema na mwanao."

Rebeka alitamani kusema. Alitamani kusema kwamba ana mabinti wawili, na hajawahi kuwaona wote wawili katika furaha moja, na kwamba hata ubatizo wa Dorah aliusikilizia nje ya kanisa chini ya dirisha, amembeba Ritha mgongoni. Lakini alikuwa amezoea kunyamaza mbele ya wifi yake. Akasema tu, "Mwalimu Agnetha anasema inawezekana. Kuna namna ya kufanya."

Namna ya kufanya! Kamati ilipozisikia hizo namna ilitaka kuvunjika. Sherehe ianze saa tisa alasiri, siyo usiku, maana Ritha jua likizama anataka kitanda chake. Maputo yasiwepo, yanapasuka. Mtu asimkumbatie Ritha bila kumuuliza. Chakula chake kisichanganywe, wali ukae peke yake na ndizi ikae peke yake. Na spika zipunguzwe.

"Zipunguzwe mpaka wapi?" aliuliza Masudi, MC mwenyewe, mtu aliyekuwa amevaa miwani ya jua sebuleni.

"Mpaka mtu amsikie mwenzake akiongea," alisema Rebeka.

"Mama, hiyo siyo sherehe, hiyo ni zahanati."

Hata hivyo Dorah alishikilia, na bibi harusi akishikilia nani atamvunja mkono? Mwalimu Agnetha akachora picha kwenye vikadi, akavitunga kwenye utepe: bajaji, ukumbi, meza, keki, sahani, nyumba. Siku ukumbi ulipokuwa mtupu akaja na Rebeka wakampitisha Ritha mle ndani taratibu, aone mlango, aone viti, azizoee feni. Ritha alizipenda feni. Kilichompendeza zaidi ni stoo ya nyuma iliyojaa kreti za soda. Alizipanga upya kwa rangi, za machungwa huku, za kahawia kule, akaketi juu ya moja, akatulia tuli. Agnetha akachora kadi nyingine, kreti, akaiweka baada ya keki. Akichoka, atakuja hapa.

"Na nani?" aliuliza Rebeka.

Mwalimu alimtazama. "Mtafute mtu."

Rebeka hakumtafuta mtu. Angemtafuta wapi? Mwalimu mwenyewe siku hiyo alikuwa na safari. Ile kadi ya kreti ilikuwa imetangulia ile ya sahani, na Rebeka hakuhitaji mtu wa kumsomea maana yake. Pilau itakapokuwa inapakuliwa, yeye atakuwa stoo.

Sasa ndipo Stanslaus alipokuja na zawadi. Kwenye karasha mafundi wanavaa vifunika masikio, vile vikubwa vya duara vinavyounganishwa na upinde juu ya kichwa. Alimletea shemeji yake kimoja chekundu. Ritha alikivaa, akaitazama redio ya jirani inayolia, akaitazama tena, akacheka. Hakukivua. Alilala nacho, akaamka nacho, akafua nacho. Mama yake alikuwa hajasikia kicheko kile muda mrefu, akaingia jikoni kujifanya anatafuta chumvi.

"Atakuwa peke yake na kitu hicho kichwani, watamkodolea macho," alisema Dorah. "Na mimi nitavaa. Stanslaus, lete na vyetu."

Stanslaus akaleta boksi. Na boksi hilo ndilo lililoleta kizaazaa chote, kwa sababu Mama Esta, jirani, alikuja kuazima ungo.

Ewe msomaji, kama hujaishi kwetu, elewa jambo moja. Mtu wa Shinyanga atakusamehe ukimsahau kwenye maombi, ila ukimsahau kwenye sare, huyo umemzika. Mama Esta alilitazama boksi, akaona vitu vya kufanana, vingi, vimepangwa. Vitu vingi vya kufanana ndani ya nyumba yenye harusi vina maana moja tu. Aliondoka bila ungo. Kabla ya adhuhuri soko zima lilijua kwamba kwa Rebeka kuna sare ya pili, ya siri, ya masikio, na imegawiwa kwa kupendelea.

Wanawake wakamzingira Generosa pale kwenye mafungu ya nyanya. "Mwenyekiti, sisi tumekukosea nini? Tumeshona vitenge, tumefunga vilemba, kumbe kuna sare ya wakubwa?"

Hapo Generosa angeweza kusema ukweli. Ukweli ulikuwa mwepesi: ni vya Ritha, kelele zinamuumiza. Lakini miongoni mwa wale wanawake alimwona mke wa binamu yake Stanslaus, mtu wa upande wa wakwe, ametega sikio.

"Ni heshima," alisema. "Heshima kwa kazi ya bwana harusi. Huko machimboni ndivyo wanavyofanya, fundi wa karasha akioa, watu wote wanavaa. Mlikuwa hamjui?"

Nani anakubali kuwa hajui? Wote walijua papo hapo. Mmoja alisema hata mjomba wake alioa hivyo hivyo kule Geita. Na mpaka jioni habari ilikuwa imenenepa: bila sare ya masikio, mlangoni huvuki.

Stanslaus aliazima vifunika vya karasha nzima ya kwao, akaazima na vya karasha za jirani. Vilikuja vya njano, vya buluu, vingine vina vumbi la mawe, kimoja kimefungwa kwa waya. Fundi cherehani Mwigulu akavishonea vitenge, vya mama wakubwa akaviongezea lesi. Generosa alipolazimika kujaribu cha kwake juu ya kilemba, alionekana kama tanki la maji lenye mifuniko miwili. Rebeka aligeukia ukutani akacheka mpaka mbavu zikamuuma, na hakumwonea huruma hata kidogo.

Siku ikafika. Saa tisa kamili ukumbi umejaa, na kila kichwa kimebanwa pande mbili. MC Masudi akapanda jukwaani, akatanua kifua.

"Mabibi na mabwanaaaa! Makofi kwa bibi harusiii!"

Kimya. Watu walikuwa wanatazamana, wanatabasamu, wanapangusa viti. Masudi akagonga maiki. Akamwita didjei, didjei naye amevaa. Akarudia, akaruka, akachezesha mabega, na wageni wachache wakampungia mkono wakidhani anawasalimia. Kwa mtu anayepata riziki kwa mdomo wake, kuzungumza na ukumbi usiosikia ni adhabu kubwa. Mwishowe alimshika bega mtu mmojammoja wa safu ya mbele kumwambia bibi harusi anaingia.

Dorah akaingia, na nyuma yake Ritha, gauni la rangi moja na la dada yake, masikio mekundu, utepe wa kadi mkononi. Rebeka alitembea ubavuni mwake. Ritha hakuziba masikio kwa viganja, hakupiga kelele. Alikuwa anatembea kama watu wengine, katikati ya watu, kwenye sherehe, na mama yake alijikuta anamshukuru Mungu kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anamsikia.

Ila walikuwa wamesahau jambo moja. Ritha na shikamoo.

Ritha alichelewa kuongea, na shikamoo alifundishwa kwa tabu. Aliposhika, alishika kweli. Alimwamkia mkubwa, alimwamkia na mtoto mchanga mgongoni, na akishatoa shikamoo anasubiri marahaba yake. Usipoitikia hatembei. Atarudia mpaka uitikie, hata kama ni kesho. Nyumbani wote walijua, wakaitikia haraka maisha yakaendelea.

Mbele kabisa, kwenye kiti cha heshima, alikaa Mzee Masalu, baba yake Stanslaus, fimbo kati ya magoti, kifunika masikio cha njano juu ya kofia yake ya pama. Ritha akasimama mbele yake.

"Shikamoo."

Mzee akatabasamu, akatikisa kichwa.

"Shikamoo," alirudia Ritha.

Mzee akaona labda ni utaratibu wa sherehe, akainua fimbo kidogo. Ukumbi ukaanza kutazama. Rebeka akamfanyia mzee ishara, akagusa masikio yake mwenyewe, na mzee, kwa adabu kubwa, akayagusa ya kwake. Shikamoo ya tatu ilitoka kwa sauti ya juu, na Rebeka aliijua sauti hiyo, ilikuwa ya mwisho kabla ya ukelele. Kutoka upande wa pili Generosa akasimama, akapaza ile sauti yake ya ng'ombe, "Mtoeni! Mtoeni nje upesi!" Hakuna aliyemsikia. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Generosa alisema kitu na hakikufanyika.

Ritha akanyoosha mkono, akakamata kile kifunika cha njano, akakivuta mbali na sikio la mzee, akainama.

"Shikamoo!"

Mzee Masalu aliruka, fimbo ikaenda zake. "Marahaba! Marahaba, mayu! Marahaba sana, mama!"

Ritha akaridhika. Akakiachia, kikarudi sikioni pap, na kofia ikakaa upande. Safu ya mbele ikaangua kicheko, na waliokuwa nyuma wakaanza kuvua vya kwao mmoja mmoja wasikie kuna nini. Mzee naye alivua. Akakigeuza mkononi, akamtazama mwenyekiti wa kamati.

"Mama, samahani kuuliza. Hivi hasa ni vya nini? Kijana wangu akija nyumbani hajawahi kuvaa. Nimevaa nikidhani ni mila za kwenu."

"Ni... ni heshima, mzee wangu," alianza Generosa. "Kwa kazi ya—"

"Ni kwa ajili yangu," alisema Ritha, amekisogeza chekundu chake nyuma ya sikio moja asikie. "Sipendi kelele. Shangazi amedanganya."

Loo! Na sasa ukumbi mzima ulikuwa unasikia. Generosa alikaa kama mtu aliyekatwa kamba. Mzee akamgeukia Rebeka, taratibu.

"Binti ana ugonjwa?"

Rebeka alimwona Dorah meza kuu, ameshika kitambaa kwa mikono miwili. "Siyo ugonjwa, mzee. Ana usonji. Amezaliwa hivyo. Kelele zinamuumiza, na mambo ya ghafla yanamtisha. Tukijipanga naye anaweza kukaa na watu. Tusipojipanga, mimi na yeye tunarudi nyumbani. Tumerudi nyumbani miaka yote."

Mzee akaliuliza lile swali, mbele ya kila mtu. "Ni ya ukoo?"

"Sijui," alisema Rebeka. Angeweza kudanganya, na wifi yake alikuwa anamwomba kwa macho adanganye. "Inawezekana. Wajukuu wetu wanaweza kuwa hivi, wanaweza wasiwe. Siwezi kukuficha."

Mzee Masalu akafikiri. Alifikiri kwa kituo, kama mtu anayenunua dume mnadani. Kisha akakivaa tena kifunika chake, akakibonyeza kisawasawa juu ya kofia.

"Basi hivi tuvitunze vizuri," alisema. "Vitawafaa. Na huyu bwana mwenye maiki," akamnyooshea Masudi fimbo, "aiweke chini. Kila sherehe narudi nyumbani kichwa kinapasuka, nilikuwa naona aibu kusema."

"Hata mimi!" alisema Mama Esta. "Hata mimi jamani," wakasema kinamama wa nyuma, na ikawa kumbe nusu ya ukumbi ilikuwa inaugua spika kimyakimya tangu ujana wao. Badala ya vigelegele wakapunga vitambaa, ukumbi mzima ukawa mweupe. Ritha akapunga utepe wake wa kadi. Dorah alilia mpaka wanja ukafika kidevuni, na Masudi akaendesha shughuli kwa mdomo mtupu, akapitia meza kwa meza, akagundua anaweza kuchekesha watu bila kuwapigia kelele.

Keki ikakatwa. Pilau ikaanza kupakuliwa. Sahani ya Rebeka ikawekwa mbele yake, mvuke unapanda, harufu ya bizari na mdalasini inaingia mpaka kwenye macho. Akashika kijiko.

Ritha akagusa kadi yake. "Nimechoka. Kreti."

Rebeka akakiweka kijiko chini. Hakufikiri hata kidogo, miguu yake ilikuwa imeshainuka yenyewe kama ilivyoinuka miaka yote. Mkono mzito ukamtua begani ukamrudisha kitini.

"Kaa," alisema Generosa. Macho yake yalikuwa mekundu, kilemba kimelegea.

"Wifi, hajazoea kwenda na wewe."

"Atanizoeaje kama hatujawahi kwenda?" Akamgeukia Ritha. "Twende, mwanangu."

Ritha alimchunguza. "Utapiga kelele?"

"Sitapiga."

"Utanikumbatia?"

"Sitakukumbatia."

"Shikamoo."

Generosa akainamisha kichwa. "Marahaba, mama."

Wakaondoka. Shangazi mtu alikuwa amevua viatu vyake vya kisigino, amevishika mkononi, ananyata kama mwizi wa kuku nyuma ya mtu mwenye masikio mekundu, mpaka mlango wa stoo ukafungwa polepole.

Rebeka akabaki na sahani. Alikaa akiutazama ule mlango, akisubiri ukelele, na ukelele haukuja. Akachota kijiko kilichojaa, akakitia mdomoni bila kupuliza, maana hakuwa amejifunza kupuliza pilau. Machozi yakamtoka papo hapo.

"Mama!" aliita Dorah kutoka meza kuu. "Mama, kuna nini?"

"Imeniunguza," alisema Rebeka, akachota tena.